Magurudumu Yaliyobaki Barabarani

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa Yadi hakuniuliza shahada yangu iko wapi. Nilikuwa nimeileta ndani ya bahasha ngumu, na njia nzima nilikuwa nikiwaza kama nimkabidhi kabla ya salamu au baada yake. Hakunipa nafasi. Alinipeleka moja kwa moja kwenye lori la rangi ya buluu lililoegeshwa karibu na lango, akapiga teke tairi la mbele, akauliza:

"Injinia, magurudumu hii iko ya lori, ao iko ya watu?"

Baadaye nilielewa kwamba "ya watu" ndilo jina la gurudumu lolote ambalo halikuja na gari kutoka kiwandani. Asubuhi ile sikujua. Nilijibu kwa urefu. Nilieleza kuhusu uzito wa ekseli, shinikizo la hewa, na sababu tano zinazoweza kumfanya mtu abadilishe matairi. Msimamizi alisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mtu wa heshima, mwana wa askari wa kikosi cha magari, aliyezoea kusikiliza taarifa ndefu.

"Sawa," akasema. "Umesema mingi. Lakini iko ya nani?"

Yadi yetu ilikuwa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, pembeni mwa barabara iendayo Koboko. Ilinunua na kuuza malori yaliyokwisha kutumika, mengi yakiwa ya Kijapani, na wateja wetu walikuwa wafanyabiashara waliobeba mihogo, mtama na maharage kutoka vijiji vya Ayivu na Adumi hadi mpakani Oraba na kuvuka kuingia Sudan Kusini. Kazi yangu ilikuwa ukaguzi wa sehemu ya chini. Watu hucheka nikisema nimestaafu kazi hiyo, kwa sababu bado sina mvi. Lakini pale yadini mtu akishamfundisha mwingine na kumwachia tochi huitwa mzee, hata awe mwanamke kijana kama mimi. Mimi nimeacha tochi. Nawaandikia wale watakaoishika.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kutenganisha tairi na rimu. Mteja husema "magurudumu" akimaanisha vyote viwili, na hapo ndipo ugomvi huanza. Tairi ni mpira, nao huisha. Lori lenye umri wa miaka mingi likikuletea tairi la kiwandani, usifurahi. Ama halikutembea, ama mtu amekudanganya. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: mbili za kwanza ni wiki lilipotengenezwa, mbili za mwisho ni mwaka. Lori jipya huvalishwa matairi yaliyotengenezwa muda mfupi kabla yake. Kwa hiyo unasoma bamba la lori mlangoni, unasoma tairi, unalinganisha. Tairi likiwa changa kuliko lori, ni la watu. Likiwa kuukuu kuliko lori kwa miaka, ni la watu vilevile, tena maskini.

Kuna malori yaliyotufikia na matairi yenye mikato midogomidogo mingi, laini ukiyaminya kwa kidole. Hayo yametoka sehemu za Japani zenye theluji. Wanunuzi waliyapenda kwa sababu yalionekana mapya. Kwenye murramu ya Koboko, ile changarawe nyekundu ya barabarani, na jua letu yaliisha kama sabuni, na tulilazimika kuwaambia kabla hawajalipa.

Rimu ni hadithi nyingine. Rimu ni chuma, nayo inaweza kuishi kuliko dereva. Karibu na tundu la valvu hugongwa ukubwa wake, na mara nyingi tarehe. Lakini muhuri pekee hautoshi. Msimamizi alinifundisha kukwangua rangi upande wa ndani kwa ncha ya bisibisi: chini ya rangi ya mtaani utafute rangi ya kiwandani. Alinifundisha pia nati. Malori mengi ya zamani ya Kijapani yana nati za upande wa kushoto zinazofunguka kinyume, na zimegongwa herufi L. Ukikuta upande wa kushoto nati inafunguka kama ya kulia, basi si rimu tu iliyobadilishwa; kitovu chote, pale gurudumu linapofungiwa, kimetoka kwenye gari lingine, na unaanza kuuliza lile gari lingine lilipatwa na nini.

Alama niliyoigundua mwenyewe, na ambayo nilikaa nayo majuma kadhaa nikihofia kuisema, ni pete ya kitovu. Rimu ikikaa mahali pake kwa muda mrefu huacha mviringo kwenye uso wa kitovu, na vumbi jekundu hushindiliwa ukingoni mpaka linakuwa gumu kama tofali. Ukipima ugumu wa tofali lile, unajua gurudumu limekaa hapo siku nyingi au limefungwa juzi. Nilipomwambia hatimaye, Msimamizi aliinama, akachokoa vumbi kwa ukucha.

"Hii ulisoma kwa shule?"

"Hapana, mzee. Nilikuwa nawaza tu."

"Basi endelea kuwaza. Lakini waza haraka kidogo, mutu anangoja."

Baada ya muda nilihamishiwa tawi letu la Koboko. Mkuu wa Tawi alikuwa mtu tofauti: mnyamavu, nadhifu, aliyependa jibu liwe moja. Ndiyo au hapana. Alisema ukaguzi unaohitaji maelezo ni ukaguzi ambao haujakwisha. Chini yake ndipo nilipokutana na lori la Hajati Rukia, na hilo ndilo ninalotaka kulieleza kwa ukamilifu.

Hajati Rukia alikuwa mjane wa mfanyabiashara wa nafaka ambaye mji mzima ulimwita Haji. Haji alianza kama dereva, akanunua lori lake, akalitumia kwenye njia ya Oraba na Kaya, ng'ambo ya mpaka, hadi alipougua na kufariki. Dereva wake, Khemis, aliendelea kuliendesha kwa niaba ya mjane. Sasa Hajati alitaka kuliuza. Mnunuzi kutoka Arua, Bwana Candia, alilikubali, kisha akasita: rimu hazikufanana. Hajati akakumbuka kwamba marehemu mumewe alikuwa ameziwekea rimu zake zote alama upande wa ndani, matone matatu ya weldingi. Gari likainuliwa kwa jeki, magurudumu yakatolewa. Kati ya sita yanayogusa ardhi, ni mawili tu ya nyuma, ya ndani, yaliyokuwa na matone matatu. Spea nayo haikuwa nayo.

Khemis aliulizwa rimu nyingine ziko wapi. Akajibu, "Ziko barabarani."

Hajati alilichukua jibu hilo kama tusi. Siku ya soko, kwenye egesho la malori, mbele ya madereva na akina mama wa mihogo, alimnyang'anya ufunguo akasema Khemis ameuza miguu ya marehemu huko Kaya. Huko kwetu, dereva aliyeitwa mwizi wa magurudumu mbele ya watu hapati usukani tena. Hakuna mwenye lori atakayemwachia gari avuke nalo mpaka, mahali ambapo macho hayamfuati. Khemis alikuwa na umri wa mtu ambaye hawezi kuanza kazi nyingine. Aliondoka egeshoni kwa miguu.

Mkuu wa Tawi aliniita. "Hajati anataka jibu. Rimu ni za lori au si za lori? Ndiyo au hapana."

Jibu lilikuwa hapana, na lilihitaji dakika chache. Kilichonizuia ni kwamba kila mtu angelisikia kama "Khemis mwizi". Niliomba siku mbili. Akaguna, akanipa.

Nilianza na pete za vitovu. Nilichokoa vumbi gurudumu kwa gurudumu. La mbele kulia lilikuwa na vumbi gumu sana, la miaka. La nyuma la nje upande mmoja lilikuwa la wastani; la upande mwingine bado lilikuwa unga. La mbele kushoto lilikuwa gumu kuliko yote. Nilikaa chini nikawaza. Mtu anayeuza rimu huuza seti, kwa sababu seti ina bei na rimu moja ni chuma chakavu. Tena huziuza siku moja, kabla hajagunduliwa. Hizi zilikuwa zimeondoka mojamoja, kwa miaka, na nyingine ziliondoka Haji akiwa hai. Niliwaza pia kwamba huenda Haji mwenyewe ndiye aliyeziuza, na wazo hilo likanisumbua, kwa kuwa sikujua ningemwambiaje mjane wake. Mwishowe nilimtafuta Khemis nyumbani kwake.

"Baba, ulisema ziko barabarani. Barabara gani?"

Alinitazama. "Wewe ndiye mutu wa kwanza kuniuliza."

Tulikwenda Oraba kwa boda, tukiwa tumebanana nyuma ya dereva mmoja. Foleni ya malori yaliyosubiri karatasi za forodha ilikuwa ndefu. Wabadilisha fedha walituita, mawakala walipita wakiwa na mafaili kwapani. Nilitandika gunia, nikaingia chini ya lori la kwanza na tochi na kioo kidogo cha kutazamia upande wa ndani wa rimu.

"We Injinia!" dereva mmoja akapiga kelele. "Chini ya hiyo iko nyoka!"

"Muache," mwingine akasema, "anatafuta bwana. Huku juu hakuna mzuri."

"Wewe hata chini hauko mzuri!"

Walicheka. Mimi niliendelea. Kwenye lori la nne au la tano, la dereva aitwaye Wani, mtu wa Sudan Kusini mwenye sauti nzito, tochi ilimulika matone matatu ya weldingi. Nikayagusa ili nisijidanganye.

"Hii umeitoa wapi?" nikamuuliza nilipotoka.

"Hiyo iko ya Haji," Wani akasema bila wasiwasi, kama mtu anayeulizwa jina la jirani. "Mpira yangu ilipasuka njia ya Yei, na kule mutu hapana simama. Risasi ilikuwa nalia. Huyu," akamwonyesha Khemis kwa kidevu, "akasimama. Akashusha spea, tukafunga, akachukua yangu ile imepasuka, akaondoka. Hata salamu hapana."

"Na yako?"

"Alitengeneza Koboko. Iko kwa gari yake. Yangu iko na alama ya msalaba."

Nilikumbuka msalaba. Ulikuwa kwenye rimu ya nyuma, ya nje.

"Kwa nini hamkurudishiana?"

Wani akacheka mpaka akashika mlango. "Nikitoa hii sasa, mimi nakwenda na miguu ngapi?"

Hapo ndipo nilipoelezwa desturi ambayo hakuna mwalimu wangu aliyewahi kuitaja. Kwenye njia ile, anayekukuta umekwama hukupa gurudumu lake zima na kuchukua lako bovu. Lako likishazibwa linabaki chini ya gari lake, na lake linabaki chini ya lako, hadi siku mtakapokutana nyote mkiwa hamna mzigo na hamna haraka, yaani karibu kamwe. Kwa miaka, rimu za njia nzima zimehama. Tulipata alama ya Haji chini ya lori jingine kabla ya jua kuchwa, na madereva wakatutajia wengine wawili waliokuwa wamevuka.

"Mbona hukumwambia Hajati?" nilimuuliza Khemis.

"Mwenye gari akijua, anafunga spea na mnyororo na kufuli. Umeona zile?" Akanionyesha malori mawili yenye minyororo. "Hao wakipasuka, tunawapita. Si kwa ubaya. Mutu hapana omba kitu yeye mwenyewe amefunga."

Siku iliyofuata tulikusanyika tawini: Hajati, Bwana Candia, Mkuu wa Tawi, Khemis aliyesimama mbali kidogo, na mimi. Nilisema nilichokuwa nimekirudia kichwani usiku kucha.

"Rimu si za lori. Na dereva hakuziuza."

Mkuu wa Tawi alinikazia macho, kwa kuwa hayo yalikuwa majibu mawili. Nikaeleza yote. Hajati alisikiliza akiwa ameshika ncha ya mtandio wake.

"Kwa hiyo hakuuza," akasema. "Aligawa. Mali yangu, bila kuniuliza. Hiyo iko tofauti gani?"

Lilikuwa swali la haki. Nilikuwa na jambo moja tu, nililoliwaza nikiwa juu ya boda tukirudi.

"Mama, marehemu aliweka alama upande wa ndani. Mtu anayemwogopa mwizi huweka alama nje, ionekane. Ya ndani haionekani mpaka gurudumu litolewe. Nadhani aliiweka kwa ajili ya yule atakayelifungua, ajue ni la nani."

Hajati alimgeukia Khemis, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu siku ya soko.

"Fungua ile ya mbele, ya kushoto."

Khemis alifungua. Lilikuwa ndilo lenye vumbi gumu kuliko yote. Upande wa ndani kulikuwa na mkato wa patasi, kama herufi V.

"Hii ya nani?"

"Ya Lomoro. Mutu wa Kaya."

"Tangu lini?"

Khemis alifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Tangu siku tulileta Haji nyumbani. Ilipasuka mbele ya Oraba. Haji alikuwa nyuma, kwa godoro. Lomoro alikuwa nakwenda Kaya na mzigo, akasimama."

"Mimi nilikuwa ndani," Hajati akasema polepole. "Nilikuwa mbele, na tasbihi. Nilidhani unaweka spea."

"Spea ilikuwa imekwisha toka, Hajati. Kwa Wani."

"Na Haji alijua?"

"Alisikia sauti ya Lomoro. Akaniambia, 'Pokea. Na wewe utatoa.'"

Bwana Candia alikohoa, akasema yeye anaheshimu mambo ya marehemu lakini biashara ni biashara, na lori lisilo na rimu zake haliwezi kuwa na bei ileile. Hajati akamwambia apunguze anachotaka kupunguza. Alisema hivyo bila kumtazama.

Neno lililosemwa mbele ya watu hurudishwa mbele ya watu. Siku ya soko iliyofuata Hajati alikwenda egeshoni, akasimama palepale alipokuwa amesimama, akangoja akina mama wa mihogo wanyamaze. "Nilisema Khemis ameuza miguu ya Haji," akasema. "Hapana uza. Mimi mwenyewe nilirudi nyumbani na mguu ya mutu, na sikujua. Ile neno nimerudisha." Mtu mmoja akasema, "Hajati, tumesikia." Wengine wakaendelea kupima mihogo. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga gurudumu.

Bwana Candia hakumchukua Khemis pamoja na lori. Alisema anataka dereva asiye mkarimu. Sikumlaumu sana, alikuwa amelipa. Mwenye lori mwingine wa Koboko, mzee aliyekuwepo sokoni siku ile, alimpa Khemis usukani baada ya muda mfupi. Nilisikia kwamba alimwuliza swali moja tu: kama atapenda spea ifungwe mnyororo au isifungwe. Sikuwahi kujua Khemis alijibu nini.

Sasa nimeacha kazi hiyo. Nimepata nafasi ya kufundisha ufundi Arua, na bado huwaza sana kabla ya kusema jambo dogo. Wanafunzi wangu hupenda ile sehemu ya tarakimu nne, kwa sababu ina jibu. Huwaambia waisome, na wakwangue rangi, na wachokoe vumbi. Huwaambia pia kwamba "si za asili" ni nusu ya taarifa. Nusu ya pili ni jinsi zilivyofika pale, na hiyo haigongwi kwenye chuma. Mkuu wa Tawi hakukubaliana nami hadi nilipoondoka. Sijui kama alikosea. Yadi yenye malori mengi haiwezi kumtuma kila mkaguzi Oraba na gunia. Kuna magari niliyoyaandikia hapana na kupita, na yawezekana nyuma ya mojawapo kulikuwa na dereva aliyetembea kwa miguu kwenda nyumbani.

Wiki niliyokuwa nakabidhi kazi, Bwana Candia alileta lile lori tawini livalishwe seti mpya ya rimu zinazofanana. Zile za watu zilirundikwa kando ya ukuta. Khemis alipata habari akaja na gari la tajiri wake mpya, likiwa tupu, akielekea mpakani. Akazigeuza mojamoja kusoma alama. Yenye msalaba, ya Wani. Yenye V, ya Lomoro. Nyingine akazitajia majina ambayo sikuyajua, akazipakia. Ya mwisho haikuwa na alama yoyote. Niliikagua kwa tochi ndani na nje, nikakwangua, nikatafuta tone, mkato, herufi, hakuna. Nikamwambia hiyo aiache, ni chuma chakavu, haina mwenyewe.

Khemis aliinua upande mmoja na kunisubiri nishike mwingine.

"Pakia tu," akasema. "Iko mutu anangoja."